Mtu wa Karibu na Agness

Watu wa Nkende walimwogopa Tomaso Nyangwine kuliko walivyomwogopa mgambo. Hakuwa mkali, na hata fimbo hakutembea nayo. Lakini akionekana anakata kona kuingia uani kwako, amevaa lile koti lake la kahawia, na nyuma yake anafuata mama mmoja wa kanisani, ulijua kuna mtu wako wa mbali ambaye hutamwona tena. Wanawake walianza kupiga yowe kabla hajafungua mdomo. Asubuhi moja ya baridi alikwenda kwa jirani kuazima jembe, akasahau akavaa koti lile lile, na mama mwenye nyumba akaanguka chini akiwaita wanawe wote kwa majina. Ilibidi amwagiwe maji. Jembe lenyewe hakulipata.

Haikuwa kazi aliyoajiriwa. Tomaso alikuwa karani wa stoo katika chama kimoja cha ushirika wa kahawa pale Tarime mjini, enzi ambazo simu ilikuwa kitu cha ofisi. Ya kwao ilikuwa nyeusi, nzito, na kwenye kizungusho cha namba ilifungwa kakufuli ili wafanyakazi wasiimalize fedha ya wakulima kwa maongezi. Ufunguo alikaa nao Tomaso, kwa kuwa meneja alimwona hanywi pombe. Kando ya simu kilikaa kitabu cha simu, kinene, chenye maandishi madogo kama punje za ulezi. Humo yalikuwamo majina ya wenye simu wa nchi nzima, mkoa kwa mkoa: misheni, shule, maduka, gereji, vinu vya sembe, na wakubwa wachache waliokuwa na simu sebuleni.

Mtu akifiwa, na ndugu wa marehemu yuko mbali, alikuja kwa Tomaso. Na hapa ndipo ilipokuwa namna yake ya kufanya kazi, ambayo hakufundishwa na mtu. Tomaso hakumpigia mfiwa hata siku moja. Alimtafuta mtu wa karibu naye.

Kwa mfano, kijana mmoja wa Busawe alikuwa mlinzi Tanga. Mama yake akafariki, na kaka yake, Kisyeri, akaja mbio mpaka ofisini, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mdogo wako yuko karibu na nini huko?" Tomaso akamuuliza.

"Sijui, mzee. Aliwahi kusema anasikia kinu cha sembe usiku."

Tomaso akafungua kitabu, akashuka na kidole kwenye kurasa za Tanga, akakipata kinu, kisha akaomba namba kwa opereta wa posta. Aliyepokea alikuwa mwenye kinu mwenyewe. Tomaso akamsalimia vizuri, akajieleza, akamwomba: "Kuna kijana wetu analinda hapo jirani yako. Nakuomba umtafutie mtu mzima wa kanisani kwake au wa kwao, aende akakae naye kwanza. Akishakaa naye, ndiyo amwambie." Na yule mtu, asiyemjua Tomaso wala Kisyeri, alifunga kinu chake akaenda. Kijana alishuka kwenye basi Tarime akiwa ameshikwa mkono na mzee mmoja wa Kisambaa ambaye hakuna aliyemtuma aje mpaka huku. Siku hizo watu walikuwa na muda wa kuwa watu.

"Habari mbaya haipigwi kwa mwenyewe," Tomaso alizoea kusema. Alikuwa na sababu. Akiwa mtoto huko huko Busawe, baba yake alifia safarini, na mpita njia mmoja akampigia mama yake kelele kutoka ng'ambo ya mto. Mama alikuwa peke yake shambani, anapalilia mihogo. Kwa hiyo habari ilimkuta hana hata mtu wa kumshika, na yule mpita njia akaendelea na safari yake. Tangu hapo mama hakuwa sawa. Alikuwa akiacha chungu jikoni kinaungua na kwenda kusimama kando ya mto. Tomaso alikua akimfuata huko na kumrudisha nyumbani.

Basi alipiga simu za misiba na kuzipokea, mpaka kahawa ikashuka bei, wakubwa wa ushirika wakagombana, na ofisi ikafungwa. Mafundi wakaja wakakata waya. Tomaso akaomba apewe kitabu cha simu, akapewa, maana nani alikitaka? Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia kila mfuko. Kitabu kipya kilipotoka kilikuwa chembamba, baadaye hakikutoka kabisa. Vile vya zamani viliangukia kwa wauza karanga, na kwa miezi kadhaa mji mzima wa Tarime ulikula karanga kwenye namba za Mwanza na Bukoba bila mtu kusikitika.

Na kusema kweli, asikitike kwa nini? Mtu ana simu yake mfukoni, unampigia anapokea, mambo yamekwisha. Hivyo ndivyo tulivyosema wote. Hakuna aliyeliona lile ambalo Tomaso aliliona mapema na akachekwa alipolisema: kwamba zamani waliokuwa na simu walikuwa wachache lakini mtu yeyote angeweza kuwapata, na sasa kila mtu ana simu lakini anapatikana na wale tu aliowapa namba. Wengine wote kwao hayupo. Vijana walimjibu kwamba mambo yote siku hizi yako Google. Akakifunga kitabu chake kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya kabati.

Tomaso na mkewe Boke walibaki na binti mmoja, Agness. Agness alizaa mtoto, Nchagwa, na baba wa mtoto akavuka mpaka kwenda Kenya, akapotelea huko. Maisha yalipombana, Agness alimwacha mtoto kwa babu na bibi yake akaenda mbali sana, Mafinga, kule wanakopasua mbao, akawa mama lishe. Alikuwa na banda lake kando ya barabara kuu. Alipika chai na chapati asubuhi, wali na maharage mchana. Alipanga chumba peke yake. Kila jioni alipiga simu kusema na mtoto. Nchagwa alikuwa anaongea na simu kwa kelele, kama mtu anayemwita ng'ombe, na kila akimaliza alimrudishia babu simu ikiwa imelowa mate.

Boke ndiye aliyewahi kumwambia mumewe: "Mwombe Agness namba ya jirani yake. Mama mwenye nyumba, au mwenzake wa pale bandani. Huwezi kujua."

"Nitamwomba," Tomaso akasema. Hakumwomba. Wala haukuwa ukaidi. Mtu aliyezoea kwamba namba za dunia nzima ziko mezani pake hawazi kuomba moja moja. Miaka ilipita, na kichwani mwake kitabu kilikuwa bado kinafanya kazi.

Nchagwa akashikwa na homa. Siku ya kwanza walimpa dawa za duka, akatulia, hata akala, na jioni akaongea na mama yake kama kawaida. Usiku wake homa ikarudi na degedege, na Vicent, jirani yao mwenye bodaboda, akawakimbiza hospitali, bibi nyuma kamkumbatia mtoto. Jua lilikuwa halijachomoza mtoto alipokata roho. Alikuwa ametimiza miaka sita juzi juzi tu. Boke alirudi nyumbani na kanga aliyokuwa amemfunikia, na hakuruhusu mtu aichukue mikononi mwake.

Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Boke, akiwa amekaa chini sakafuni, akamwambia mumewe neno moja tu: "Mpigie."

Tomaso akaishika simu. Jina la Agness lilikuwa pale pale juu. Akaliangalia. Akamwona binti yake kwenye banda lake, maji yanachemka, hana mama wala dada wa kumshika, na sauti inamwambia mwanao amekufa. Mkono ukakataa. Aliwaambia watu baki habari za mama zao na wake zao na watoto wao, na leo ni damu yake, alishindwa kubonyeza. Mganga hajigangi.

"Subiri kwanza nipate mtu wa karibu naye," akasema.

Boke hakubisha. Alimwona mumewe akifanya hivyo ujana wake wote, na kila mara mtu alipatikana. Kwa hiyo akainama juu ya kanga yake.

Kitabu kikashushwa. Tomaso akavaa miwani, akatafuta Mafinga, akaipata: misheni, shule, duka la vyuma, gereji, kampuni ya mbao. Vicent alikaa pembeni kumsaidia kupiga, maana namba hizo za zamani zilikuwa na tarakimu chache na ilibidi aziongezee mwanzo. Ya kwanza haikuwepo. Ya pili haikuwepo. Ya tatu, yule dada wa kampuni ya simu akasema kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza kwamba haipo. Ile ya duka la vyuma ikaita! Tomaso akasimama. Ikaita mpaka ikakatika, akarudia, ikaita tena, na kwa muda mrefu hakukubali kuiacha, kana kwamba kule kuna mzee anayejikongoja kuja kuipokea. Hakuna aliyepokea.

"Mzee," Vicent akasema, "tumpigie tu mwenyewe. Atasikia vibaya, ndiyo, lakini atasikia."

"Mura, kijana wangu, wewe hujawahi kuona mtu aliyepokea habari peke yake."

Vicent akaingia mtandaoni. Alipata nyumba ya wageni ya Mafinga, ina picha na nyota nne. Tomaso akapiga. Aliyepokea alikuwa Kahama, laini ameinunua mwaka jana, na hiyo nyumba ya wageni haijui. Wakapata duka la dawa. Hapo aliyepokea alikuwa kweli Mafinga, na Tomaso, kwa furaha ya mtu aliyeopolewa kisimani, akaanza kama alivyozoea: "Shikamoo kama ni mkubwa wangu. Mimi ni mzee Tomaso Nyangwine, nipo Tarime, mkoa wa Mara. Kuna binti yetu hapo jirani yenu, mama lishe, anaitwa Agness. Nakuomba..."

"Mzee, tafuta mwingine wa kumtapeli," yule mtu akasema, akakata.

Alipopiga tena alikuta amezuiwa. Mwanamke wa kwenye hoteli nyingine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Halafu utaniambia nitume shilingi ngapi kwenye namba gani?" Parokia ilikuwa na ukurasa mzuri sana, una picha ya kanisa jipya, na mahali pa namba palikuwa wazi. Na simlaumu yule wa dawa, wala yule wa hoteli. Wameibiwa mara ngapi na watu wenye sauti za upole? Lakini moyo unauma nikifikiri kwamba mwenye kinu wa Tanga angekuwa hai leo, naye angekata.

Jua likapanda. Watu wakaja, uwanja ukajaa, wazee wa ukoo wakakaa upande wao kupanga mazishi. Tomaso alikataza mtu yeyote asimpigie Agness. Watu wakaona ni sawa, ni yeye bwana, anajua. Mwenda pole hajikwai, mzee mmoja akasema. Waliotunga methali hiyo hawakuwa na mtoto wa kuzika.

Tabitha alikuwa rafiki wa Agness tangu shule ya msingi, na ndiye aliyemsuka Boke nywele kila sikukuu. Naye alilia sana asubuhi ile. Hakusikia katazo, alikuja akakuta limeshasemwa. Na kama wanavyofanya watu wote siku hizi wakizidiwa na uchungu, alitoa simu akaweka picha ya Nchagwa kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na mshumaa pembeni, na maneno ya kumwombea pumziko la milele. Hakuwa na nia mbaya hata punje. Alisahau tu kwamba katika wote wanaoweza kuiona picha ile, mmoja ni mama.

Mchana, simu ya Tomaso ikaita. Jina lilikuwa la Agness. Tomaso akainuka akaenda nyuma ya jiko.

"Tata, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nchagwa yuko wapi?"

Alikuwa na maneno aliyoyatumia maishani mwake yote, na yakatoka yenyewe. "Ana homa. Yuko hospitali na mama yako. Hapo ulipo uko na nani?"

"Tata, nimeuliza mtoto."

"Nimesikia. Niambie kwanza, kuna mama yeyote mtu mzima hapo karibu? Mpe simu niongee naye."

Wakati huo huo kundi la akina mama kutoka ukoo wa Boke likaingia getini, na kama ilivyo desturi wakaingia na kilio. Kilio cha Kikurya hakijifichi nyuma ya jiko. Kilifika Mafinga chote.

"Hao wanalia nini?" Agness akauliza.

"Ni kwa jirani," baba yake akasema.

Simu ikakatika. Alipopiga yeye, haikupatikana. Alipiga tena na tena mpaka Vicent akamnyang'anya simu taratibu na kumkalisha kwenye kiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee huyu kifo kilimuumbua mbele ya ukoo wote.

Siku ya pili haikupatikana. Wazee wakavumilia. Siku ya tatu wakasema mtoto mdogo hacheleweshwi hivi, na hakuna anayejua kama mama yake yuko njiani au ameanguka mahali. Boke akaomba jua lifike utosini. Likafika, likapita kidogo. Wakamzika Nchagwa nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na babu yake ndiye aliyeulizwa kama aende yeyote barabarani kutazama mara ya mwisho. Akasema waendelee.

Agness alifika jioni ya siku hiyo hiyo, udongo bado mbichi. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, mkoba mdogo begani, macho makavu. Akina mama wakainuka kumpokea kwa kilio, akawapita. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, akasimama, akaweka kiganja juu ya lile tuta kama anavyopima mtu homa. Alikaa pale mpaka Boke akaja akamfunika mgongo kwa kanga.

Halafu akageuka kwa baba yake, aliyekuwa amesimama mbali kidogo.

"Alikufa saa ngapi?"

"Alfajiri. Kabla jua halijatoka."

"Alfajiri," Agness akasema. "Basi la Dodoma husimama bandani kwangu asubuhi, abiria wanywe chai. Siku ile lilisimama. Nilimpa kondakta chai na chapati mbili, tukataniana, akaniuliza lini nitakwenda kwetu kumwona mtoto. Nikamwambia Krismasi. Nikawapungia mkono, tata. Lilikuwa na viti vitupu. Ningekuwa hapa jana."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Sikutaka ikukute ukiwa peke yako, mwanangu," Tomaso akasema.

"Imenikuta nikiwa peke yangu. Nilikuwa nimeshika upawa. Watu walikuwa kwenye foleni wanasubiri wali. Nikakupigia wewe unishike, ukaniambia ni kwa jirani."

Tomaso alipiga hatua kumwendea. Agness akarudi nyuma hatua moja, na yeye akasimama pale pale. Tangu asubuhi ya msiba alikuwa hajalia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwashika wanaolia. Sasa alilia mbele ya watu wote, kwa sauti, mzee mzima, na hakuna aliyejua nani amwendee.

Agness alikaa na mama yake mpaka matanga yakaanuliwa. Alifua nguo za mtoto, akazigawa. Akaondoka asubuhi, Vicent akimpeleka stendi. Baba yake alimwambia safari njema, akajibu "asante," kama unavyomjibu karani wa tiketi. Wiki iliyofuata Tomaso alipiga ile namba. Haikupatikana. Mwezi uliofuata ikapokelewa na kijana wa Songea ambaye hajawahi kumsikia mtu anayeitwa Agness.

Boke akiulizwa husema hana namba mpya. Lakini kila Jumapili baada ya ibada hupitia kwa Tabitha, hukaa sana, hurudi macho mekundu lakini uso umepoa. Tomaso anaona. Mtu mwenye macho haonyeshwi. Kwa miezi mingi aliona na kunyamaza, mpaka Boke alipoanza kusumbuliwa na moyo na daktari akasema asipandishwe mlima wala asipewe mshtuko. Hapo Tomaso akaenda kwa Tabitha mwenyewe, mchana, hana koti. Hata hivyo Tabitha alipomwona getini alishika kifua.

"Hakuna aliyekufa," Tomaso akamwambia haraka. "Nataka namba ya Agness tu. Mama yake si mzima sana. Lolote likitokea, nitampataje?"

Tabitha alimvutia kigoda akae. Alimpa maji, kwa kuwa alimpenda, alikuwa kama baba yake. Kisha akasema huku akitazama chini: "Baba, namba ninayo. Amenikataza kukupa. Amesema mtu akifa hapa nyumbani nimpigie mimi, na nimwambie hapo hapo, nisizunguke. Siyo wewe."

Tomaso aliyageuza maji kwenye kikombe bila kuyanywa.

"Sawa," akasema. "Mama yake akifa, utampigia wewe."

"Ndiyo, baba."

"Na nikifa mimi?"

Tabitha akakipokea kikombe, akakiweka chini.

"Hilo nilimuuliza," akasema. "Alikata simu."